Kabla ya kupanua barabara Arusha, tuhamishe vituo

Wenyeji wa Arusha wakijua mimi ni mhandisi wa usafirishaji, huniuliza Barabara ya Sokoine itapanuliwa lini. Mimi ningeanza na mahali vifodi, zile daladala ndogo, vinaposimama.

Hesabu yake ni hii. Taa ikiwa ya kijani, njia moja hupitisha takriban gari moja kila sekunde 2. Kijani cha sekunde 30 ni kama magari 15. Sasa kifodi kinavuka mataa na kusimama papo hapo. Konda anagonga bodi, mama anashuka na ndoo yake ya parachichi, chenji inatafutwa. Sekunde 20 hivi. Saa ya watu kutoka kazini, hapo yamepotea magari 10 yanayosubiri kijani kingine, na nyuma yao wengine wanazidi kufika. Dereva hana makosa sana, maana abiria wako pale pale kwenye kona. Kituo kisogezwe mbali na makutano, kichimbwe pembeni kabisa, nje ya njia ya magari. Halafu kilindwe, kwa sababu tunajuana: kikikaa wiki mbili kitakuwa kijiwe cha bodaboda.

Kwenye kipilefti hali ni mbaya zaidi. Njia moja ya kutokea ikiziba, magari yanayozunguka yanasimama na kuwafungia hata wasioelekea huko. Trafiki naye akiachia upande mmoja dakika nyingi, anadhani anausaidia. Foleni ile ikishaisha, magari yanayofuata huja moja moja, huku pande nyingine zimerudi nyuma hadi kuziba makutano mengine. Zamu fupi zinapitisha magari mengi kuliko hizo ndefu.

Barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 ni ya malori na safari ndefu. Anayetoka Njiro kwenda Soko Kuu haimhusu. Na kupanua peke yake hakutoshi. Houston, Marekani, walimaliza kupanua barabara ya Katy mwaka 2008, na miaka michache baadaye safari za jioni zikawa ndefu tena, kwani nafasi mpya huita magari mapya.

Stockholm, Sweden, walianza kwa majaribio mwaka 2006 kuwatoza wanaoingia mjini kwa gari, na magari yakapungua kwa karibu asilimia 20. Lakini wenzetu wana treni na mabasi yenye ratiba. Hapa tozo ningeianzia kwenye maegesho. Gari moja lililoegeshwa ukingoni linaifuta njia nzima, maana wote nyuma yake lazima wahamie kulia. Karibu na Mnara wa Saa, saa ya kwanza iwe nafuu na ya tatu iume. Mwenye duka anayeacha gari mlangoni tangu asubuhi hadi jioni atalipeleka nyuma ya jengo, na mteja wake atapata pa kusimama.