Mchoro haujielezi: kwa nini kazi yako imerudishwa kwa sababu ya maandishi

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ukaguzi yana sauti moja: "Nimesomea usanifu majengo, sikusomea lugha. Kwa nini nirudishiwe kazi kwa ajili ya maandishi?" Wenzao wa sanaa wanaleta hilohilo kwa namna yao: sanamu inaonekana kwa macho, ya nini kuiandika? Nimeombwa nieleze, hasa kwa walio mwaka wa mwisho. Nitaeleza kwa ujumla tu. Mwongozo wa chuo chako au wa bodi yako ndio unaokubana. Ukipingana na haya, fuata mwongozo.

Hakuna anayerudishiwa kazi kwa sababu ya nukta na mkato. Nimepitisha ripoti zenye makosa ya tahajia kila ukurasa kwa kuwa fundi angeweza kuzisoma akajenga. Tunachorudisha ni maandishi ambayo msomaji akiyamaliza hajui afanye nini.

"Mradi huu unafungua mazungumzo kati ya nafasi, mwanga na kumbukumbu ya jamii." Sentensi hii niliikuta ukurasa wa kwanza wa ripoti ya maktaba. Baadaye nikaikuta, karibu neno kwa neno, kwenye ripoti ya zahanati. Ingekaa vizuri tu kwenye stendi ya mabasi. Tulipomwita yule wa maktaba ajieleze kwa mdomo, alisema chumba cha watoto amekiweka karibu na mlango ili kelele zisiwafikie wanaosoma, na madirisha ya upande wa rafu ameyafanya membamba kwa sababu jua linapausha majalada. Basi, hiyo ndiyo ripoti! Alikuwa nayo kinywani muda wote, akaiacha nje ya karatasi.

Wanaodhani sharti hili ni uvumbuzi wa wakaguzi wamtazame Vitruvius, Mrumi aliyeandika vitabu 10 vya usanifu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Anapoorodhesha anayopaswa kuyajua msanifu, elimu ya maandishi ameitaja kabla ya kuchora, ili msanifu aache kumbukumbu ya kudumu.

Sasa nije kwenye sehemu inayonipotezea usingizi: agizo la mdomo. Tarehe 17 Julai 1981, madaraja mawili ya ndani ya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, yaliporomokea ukumbi uliojaa watu. Walikufa 114. Mchoro wa awali ulionyesha fito ndefu za chuma zikitoka darini, zikipita kwenye daraja la ghorofa ya nne hadi lile la ghorofa ya pili. Baadaye kila ufito ukagawanywa kuwa fito mbili: mmoja kutoka darini hadi daraja la juu, mwingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwa badiliko hilo, nati zilizoshika boriti za daraja la juu zikabeba mzigo mara mbili ya uliokusudiwa. Upande wa watengenezaji wa vyuma ulisema badiliko liliombwa na kukubaliwa kwa simu. Upande wa wahandisi ukakana. Michoro ya karakana (ile ya watengenezaji wa vyuma) iliyoonyesha badiliko hilo ilikwisha kupita na mhuri wa ukaguzi juu yake, na wahandisi wawili walipoteza leseni zao za jimbo la Missouri. Nikiri kwamba hata muundo wa awali ulikuwa dhaifu kuliko kanuni za ujenzi zilivyotaka, kwa hiyo sidai kwamba barua moja ingewaokoa watu wale. Ninachosema ni kwamba badiliko la namna hiyo likiandikwa kwa sentensi moja ("uzito wa daraja la chini sasa unaning'inia kwenye boriti za daraja la juu"), kuna mtu atakayeinua kalamu na kupiga hesabu upya.

Mikataba inalijua hili. Kitabu chekundu cha FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) cha mwaka 1999, chenye masharti ya mikataba ya ujenzi yanayotumika katika nchi nyingi, kinataka maagizo yatolewe kwa maandishi kila inapowezekana. Mhandisi akiagiza kwa mdomo, mkandarasi ana siku 2 za kazi kulithibitisha agizo hilo kwa maandishi. Baada ya hapo mhandisi naye ana siku 2 za kazi, tangu apokee uthibitisho, kujibu kwa maandishi, ama kwa kukataa au kwa kutoa agizo lake. Asipojibu, uthibitisho wa mkandarasi wenyewe unakuwa agizo la maandishi la mhandisi. Ukimya wake umeshatia saini. Kitabu hichohicho kinamtaka mkandarasi anayedai muda au malipo ya ziada atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua tukio, au alipopaswa kulijua. Akichelewa, haki imempotea. Mwanafunzi anayesema "nitajifunza kuandika barua nikishaajiriwa" ahesabu siku hizo.

Kwenye maelezo ya vifaa na kazi, maneno yanayotuchosha ni "ubora mzuri", "kama ilivyo kawaida" na "imara". Kawaida ya nani? Taja kifaa, kipimo, kiwango na namna kazi itakavyokaguliwa. Kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Ukuta ulio milimita 150 kwenye mchoro na 200 kwenye maelezo ni mgogoro unaosubiri tarehe.

Wa sanaa, msijifiche nyuma ya wasanifu. Maelezo ya kazi yana jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vifaa na vipimo; kimo kwanza, kisha upana, kisha kina. Mtu atakayetengeneza sanduku la kusafirishia hajaiona kazi yako. Ukimwandikia "vifaa mchanganyiko" wakati ndani kuna manyoya na mbegu, umemficha mhifadhi jambo linaloweza kuleta wadudu kwenye ghala zima. Ripoti ya hali ya kazi nayo isiseme "imeharibika kidogo". Iseme "mchubuko wa milimita 12, kona ya chini kushoto, kwa anayeitazama". Tukiomba maelezo ya msanii ya maneno 150, tunaomba maneno 150. Nashangaa hili bado linahitaji kusemwa.

Kuhusu kunakili: Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, pamoja na marekebisho yake, unalinda kazi za sanaa, usanifu na michoro yake, na unampa mtunzi haki ya kutambuliwa. Picha ya kazi yako iliyopigwa na mwenzako ina mtunzi wake, mtaje. Maandishi uliyosaidiwa na programu ya akili mnemba yatangaze kama mwongozo wako unavyotaka. Adhabu zinatofautiana kutoka taasisi hadi taasisi, tangu kufutiwa alama hadi kufutiwa usajili, na kusema "sikujua" hakujawahi kumsaidia mtu mbele yangu.

Ukirudishiwa kazi, soma maoni yote kabla ya kuandika rufaa. Nusu ya rufaa ninazosoma zinajibu jambo ambalo hakuna aliyelisema. Usifute toleo la kwanza. Lililorudishwa libaki A, lililorekebishwa liwe B, na kwenye kisanduku cha utambulisho cha kila karatasi iliyoguswa uandike tarehe na kilichobadilika: "mlango wa kaskazini umesogezwa mita 1.2 kulia". Ukiandika "marekebisho madogo", tutairudisha tena.