Bluu si dimensheni, kijani si kipimo

Jumamosi usiku kijana mmoja niliyemfundisha Tableau, programu ya kuchora chati kutokana na data, mwaka jana alinitumia picha ya skrini. Alikuwa anajipima kabla ya usahili kwa chemsha bongo moja ya mtandaoni, maswali ishirini. Swali la saba liliuliza kidonge cha kijani, yaani kile kisanduku chenye jina la safu unayoiburuta kwenye chati, kinaashiria nini. Alichagua "data ya mfululizo". Ikatokea alama nyekundu, na chini yake jibu walilodai ni sahihi: "kipimo". Ujumbe wake ulikuwa wa maneno manne: "Mwalimu, nimekosea wapi hapa?"

Hukukosea popote. Aliyetunga swali ndiye aliyekosea, na kosa hilo nimelikuta kwenye vitini vya mafunzo, kwenye video, na hata mdomoni mwa mtu aliyekuwa ananisaili mimi. Kilichoniudhi safari hii ni kwamba kijana alikuwa tayari kulifuta jibu sahihi kichwani mwake kwa sababu mashine ilimwambia amekosa. Ndiyo maana naandika leo, na nitaandika kwa kirefu.

Kila safu unayoiburuta kwenye rafu za Tableau inaulizwa maswali mawili, wala si moja. La kwanza: wewe unagawa makundi, au unafanyiwa hesabu ndani ya makundi? Anayegawa ni dimensheni, anayehesabiwa ni kipimo. La pili: unachorwa kama vichwa vilivyosimama kimoja kimoja, au kama mhimili unaotiririka kutoka thamani moja hadi nyingine bila kukatika? Vichwa ndivyo menyu inavyoviita diskriti, mimi darasani nasema "mojamoja". Mhimili ni kontinyuasi, nasema "mfululizo". Rangi inajibu swali la pili tu. Bluu ni mojamoja, kijani ni mfululizo, na rangi haisemi lolote kuhusu swali la kwanza.

Maswali mawili, kila moja na majibu mawili, kwa hiyo vyumba ni vinne. Chemsha bongo zinafundisha viwili, kisha mtu akiingia kwenye vile vingine anadhani programu imeharibika.

Usiniamini kwa maneno, fungua Tableau. Nina faili la mazoezi nililolitunga mwenyewe kwa mfano wa mwalo mmoja wa dagaa, mahali mitumbwi inaposhushia mzigo, kule Kigoma: tarehe, jina la mtumbwi, uzito wa mzigo kwa kilo. Buruta safu ya uzito hadi rafu ya juu, itakaa kama SUM, yaani jumla, kisha chagua histogramu kwenye orodha ya chati. Tazama rafu ya juu. SUM imeondoka na mahali pake kimekaa kidonge cha mafungu ya uzito. Kinafanya kazi gani? Kinagawa mizigo katika makundi: hawa wa kilo sifuri hadi hamsini, hawa wa hamsini hadi mia. Kwa hiyo ni dimensheni, hakuna ubishi. Rangi yake ni ya kijani. Tableau yenyewe ndiyo iliyokiweka hapo, si ujanja wangu.

Sasa geuza upande wa pili. Andika MAX ya jina la mtumbwi, yaani jina la mwisho kwa alfabeti, na uitupe kwenye rafu. Ni hesabu inayofanywa juu ya kundi zima, inatoa jibu moja kwa kila kundi, kwa hiyo ni kipimo. Ni ya bluu, na haitakuwa ya kijani hata ukikesha, kwa sababu maandishi hayana mhimili; hakuna kitu kati ya "Amani" na "Baraka". ATTR ya jina, inayorudisha jina iwapo kundi lina moja tu, nayo ni hivyo hivyo. Halafu kuna ile ninayoitumia karibu kila wiki: RANK, yaani nafasi, ya jumla ya uzito, nikaigeuza iwe mojamoja, nikaiweka kushoto kwa majina ili msomaji aone 1, 2, 3 kando ya kila mtumbwi. Hicho ni kipimo cha bluu kinachofanya kazi halali kwenye dashibodi halisi.

Najua kosa linatoka wapi, na sitaki kumwonea mtu. Safu za maandishi huingia kama dimensheni za bluu na safu za nambari huingia kama vipimo vya kijani. Mtu akifanya kazi miezi sita kwa mipangilio ya mwanzo tu, anachokiona kila siku kinamthibitishia imani yake. Zamani upande wa kushoto palikuwa na vichwa viwili vilivyoandikwa wazi, dimensheni juu na vipimo chini. Tangu toleo la 2020.2 maandishi hayo yaliondolewa ukabaki mstari wa kijivu unaozitenganisha kwa kila jedwali, na nadhani hapo ndipo wengi waliposhika rangi ziwe badala ya maandishi.

Mgawanyo wenyewe ni wa zamani kuliko kampuni. Tableau ilianzishwa 2003, ikitokana na utafiti wa Polaris uliofanywa Chuo Kikuu cha Stanford na Chris Stolte pamoja na Pat Hanrahan, na ndani ya Polaris tayari palikuwa na aina mbili za safu: zinazopanga vichwa na zinazojenga mihimili. Tangu mwanzo programu ilitaka kujua kitu cha kuchora ni cha aina gani. Kumwambia mwanafunzi kwamba rangi ni jina jingine la dimensheni na kipimo ni kumfungia mlango wa kuelewa jambo lililoifanya programu ikawepo.

Maswali mengine ya chemsha bongo ile sina ugomvi nayo. Ndiyo, faili la kazi la Tableau la aina ya .twb halina data ndani na la .twbx linayo. Ndiyo, nakala ya data inabaki kama ilivyochukuliwa hadi uisasishe, na muunganisho wa moja kwa moja unaiuliza hifadhidata kila unapobofya. Yakariri hayo, yanakaririka, na ukiyasahau utayatafuta kwa dakika moja. Swali la rangi halifanani nayo, kwa sababu ukilikosea chati inakuja na inapendeza, halafu inasema uongo.

Chukua mwaka. Watu wengi huku kwetu wanaandika safu ya "Mwaka" kama nambari tupu: 2019, 2020, 2021, 2022, 2023. Tableau inaiona nambari, inaishusha chini ya mstari wa kijivu. Unaiburuta kwenye rafu, unapata SUM, na mistari mitano ya data inakupa 10,105. Hapo kila mtu anagundua pana tatizo. Anayeamini rangi anasema, "Nitaibadilisha iwe dimensheni, itakuwa bluu." Anabofya kulia palepale kwenye rafu, anachagua dimensheni. SUM inaondoka, na kidonge kinabaki kijani. Anabofya tena, kinabaki kijani. Nimeona watu wazima wenye shahada wakifunga programu na kuifungua upya kwa sababu hiyo. Programu imefanya ulichoiomba: umejibu swali la kwanza, la pili hujaligusa. Chini kidogo kwenye menyu hiyo hiyo kuna sehemu ya pili, ya diskriti na kontinyuasi.

Tarehe ndizo zinazonichosha kuliko vyote, na ndizo zenye madhara makubwa. Ukibofya kidonge cha tarehe, menyu ina makundi mawili ya mwaka, robo, mwezi na siku. Kundi la juu linachukua kipande cha tarehe: "Mei" ni Mei, ya mwaka wowote. Kundi la chini linaikata tarehe hadi mwezi wake: Mei 2024 ni Mei 2024, haichanganyiki na Mei 2023. Walimu wanasema la juu ni bluu na la chini ni kijani. Ni kweli kwa mipangilio ya mwanzo, ila kila kundi unaweza kulibadilisha rangi. Kipande au tarehe iliyokatwa ni swali moja, vichwa au mhimili ni swali jingine. Mtu mwenye data ya miaka mitatu anachagua "mwezi" wa juu, anapata nguzo kumi na mbili, anaandika ripoti kwamba Mei ilivunja rekodi, wakati nguzo ile ni Mei tatu zilizojumlishwa.

Nirudi mwaloni. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwenye faili langu la mazoezi nimelifuata hilo: Mei ina nusu mwezi, Juni na Julai hazina hata mstari mmoja wa data, Agosti inaanza katikati. Sasa chora mstari wa uzito kwa mwezi, tarehe ikiwa mojamoja. Vichwa vinakuja Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, Agosti, Septemba. Juni na Julai hazipo, na hakuna pengo. Mei na Agosti zimekaa bega kwa bega kama jirani na jirani, umbali ule ule uliopo kati ya Januari na Februari. Anayetazama anaona mavuno yameshuka kidogo halafu yakapanda. Ziwa lilifungwa miezi mitatu na chati haijasikia. Kwenye menyu kuna kipengele cha kuonyesha thamani zisizopo, ila atakikumbuka anayejua tayari kwamba kuna kitu hakipo.

Geuza tarehe iwe mfululizo. Mhimili unaacha nafasi ya Juni na Julai kwa sababu muda haukatiki. Vizuri. Lakini mstari unatoka kwenye nukta ya Mei moja kwa moja hadi nukta ya Agosti, juu ya nafasi ile tupu, kana kwamba kulikuwa na dagaa Juni. Uongo wa kwanza ulificha muda, huu wa pili umezua samaki.

Hapa nakiri jambo ambalo vitabu vinalipita haraka. Vinasema: muda ni mfululizo, tumia kijani. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo kwa muda mrefu, na sasa sina uhakika kwamba kanuni hiyo inastahili kuitwa kanuni. Muda unatiririka, ndiyo, lakini uvuvi haukutiririka, ulisimama. Mhimili ni wa muda, alama iliyochorwa juu yake ni ya uvuvi, na hizo mbili zinaweza kuhitaji majibu tofauti. Kwa data hii nachora nguzo juu ya mhimili wa kijani: nafasi ya miezi miwili inabaki tupu na hakuna kinachoiruka. Kwa data nyingine sijui nitachagua nini mpaka niione.

Nina wasiwasi mwingine kuhusu maneno yenyewe. Hesabati inasema idadi ya mitumbwi ni mojamoja, maana hakuna mtumbwi na nusu. Tableau inaichora idadi hiyo kwa kijani bila kusita. Kwa hiyo "diskriti" ya programu haihusu asili ya kitu, inahusu namna ya kukichora. Mwanafunzi aliyetoka darasa la takwimu anachanganyikiwa hapo, na ana haki. Tena akihamia Power BI, programu ya Microsoft ya kazi kama hii, atakuta "kipimo" ni fomula aliyoiandika mwenyewe kwa DAX, lugha yake ya fomula, na mhimili wa chati ya mstari una chaguo lake la mfululizo au makundi kwenye mipangilio. Neno lile lile, kazi nyingine. Huko pia atakuta miezi yake ya Kiswahili imejipanga Agosti, Aprili, Desemba, Februari, kwa sababu imeandikwa kama maandishi na maandishi hupangwa kwa alfabeti, mpaka aiambie ipange kwa safu ya namba ya mwezi. Anayeelewa vichwa na mhimili atalitambua tatizo hilo papo hapo. Aliyekariri rangi hatakuwa na pa kuanzia, maana kule vidonge vya bluu na kijani havipo.

Ndiyo maana nikisaili mtu siulizi rangi inaashiria nini. Nampa faili, namwambia buruta safu ya tarehe, na kabla hujaiachia niambie kitatokea vichwa au mhimili, na kwa nini unataka hicho. Anayejua anasita kidogo, anaomba kuiona data kwanza. Kusita huko ndiko ninakokutafuta.

Yule kijana nilimjibu usiku ule ule kwamba hajakosea, nikamtumia faili la mwalo bila maelezo yoyote, nikamwomba anichoree mwaka 2024. Jumapili jioni akarudisha chati ya nguzo. Kati ya Mei na Agosti ameacha nafasi nyeupe, na ndani yake ameandika kwa herufi ndogo za kijivu: "Ziwa lilifungwa, 15 Mei hadi 15 Agosti." Akaongeza swali: Mei na Agosti zina nusu mwezi kila moja, je, nguzo zake ziwe na rangi hafifu kuliko nyingine, au nizigawe kwa siku za uvuvi? Bado tunabishana.