Makala Ngapi, Amerejelewa Mara Ngapi? Dhana Potofu Kuhusu Rekodi ya Mtafiti wa Elimu

Msimu wa kupanda vyeo ukikaribia, hapa Iringa mazungumzo ya wahadhiri hubadilika. Kijana atakuuliza "una makala ngapi?" kabla hajakuuliza unatafiti nini. Nimefundisha walimu tarajali miaka mingi, na nimekaa na wengi wakiandaa majalada yao. Inaniuma kumwona mtu mwenye kazi nzuri akijidharau kwa namba ambayo hakuna aliyewahi kumweleza inatoka wapi.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba aliyerejelewa zaidi ndiye bora zaidi. Kurejelewa maana yake ni kwamba mtu mwingine ameitaja kazi yako ndani ya yake. Anaweza kuitaja kwa kuitegemea, kwa kuipinga, au kwa kupita tu kwenye utangulizi. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapa makala ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilifutwa mwaka 2010, na bado inarejelewa sana, mara nyingi na wanaoionyesha kama mfano wa utafiti mbovu. Mtambo unaohesabu unaongeza moja tu kila mara.

"H yangu ni ndogo, basi mimi si mtafiti." H hiyo, au h-index, ni kipimo kinachounganisha idadi ya makala zako na mara zilizorejelewa. Kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha hesabu ukishuka; simama pale namba ya makala inapozidi marejeleo yake. Namba ya makala iliyotangulia hapo ndiyo h yako. Mwenye makala tano zilizorejelewa mara 40, 12, 6, 4 na 1 ana h ya 4. Mwenye 300, 3, 2, 1 na 0 ana h ya 2, ingawa jumla yake inakaribia mara tano ya mwenzake. Tena h haishuki hata ukiacha kuandika, kwa hiyo kumlinganisha mhadhiri wa miaka minne kazini na profesa wa miaka 30 ni kumwonea. Hirsch mwenyewe alikiri kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya picha ya juujuu.

Wapo wanaochukua kigezo cha athari cha jarida (impact factor), yaani wastani wa mara ambazo makala zake hurejelewa, na kumvisha mwandishi. Kigezo hicho kilibuniwa na Eugene Garfield na mwenzake miaka ya 1960 ili kusaidia kuchagua majarida. Kinaangalia marejeleo ya makala za miaka miwili tu iliyotangulia. Elimu haiendi kwa kasi hiyo. Ripoti ya Criper na Dodd kuhusu Kiingereza katika shule zetu ilitoka mwaka 1984. Haikuwa hata makala ya jarida, na mpaka leo anayeandika juu ya lugha ya kufundishia Tanzania hawezi kuiruka.

Kuhusu majarida ya kitapeli nitasema machache, maana yaliniumiza. Waliniandikia barua pepe ya kunisifu, wakataka dola 150, makala ikatoka ndani ya siku tano bila mhakiki hata mmoja kuuliza swali. Neno "kimataifa" kwenye jina la jarida halithibitishi kitu. Uliza nani mhariri, nani alihakiki, na soma toleo la nyuma kabla hujatoa hela.

Halafu kuna imani kwamba namba ni moja na haina makosa. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandishi ya kitaaluma, inahesabu mpaka tasnifu na ripoti. Scopus, kanzidata ya marejeleo, inahesabu machapisho iliyoyachagua tu. Mtu yuleyule atakuwa na namba mbili tofauti, na hakuna aliyedanganya. Huku kwetu kuna tatizo jingine, majina. Makete na Njombe akina Sanga ni wengi kama mvua, na Rungwe kila ukigeuka ni Mwa-. Siku moja nilifungua ukurasa wa kijana mmoja anayetafiti ufundishaji wa hisabati, tukakuta amepewa makala za minyoo ya ng'ombe. Zake mbili hazikuwepo, kwa sababu jarida lilianza na jina la ukoo na jingine likafupisha jina la kati. Tulikaa saa nzima tukifuta na kuongeza. Siku hiyohiyo nikamwandikisha ORCID, utambulisho wa tarakimu 16 uliopo tangu mwaka 2012. Ni bure.

Dhana inayonigusa zaidi nimeiacha mwisho: "Kuandika kwa Kiswahili ni kupoteza muda, hakuna atakayekurejelea." Nusu yake ni kweli. Kanzidata kubwa zimejaa Kiingereza, na mwalimu wa darasa la kwanza haandiki makala, kwa hiyo hata akikusoma mara kumi hakuongezei hata rejeleo moja. Lakini kutorejelewa si kutosomwa. Ilani ya Leiden, kanuni za kutumia vipimo katika kutathmini utafiti zilizotoka katika jarida la Nature mwaka 2015, inataka utafiti wenye manufaa mahali ulipofanyika ulindwe, ukiwemo ulioandikwa kwa lugha za huko.

Nilipita kituo cha walimu kimoja wilayani Kilolo, nikakuta mezani kivuli cha makala ya Kiswahili kuhusu kufundisha kusoma. Karatasi zimelegea kwenye pini, kona zimekunjamana. Pembeni mwa aya ya silabi mwalimu mmoja ameandika kwa peni ya bluu: "Nimetumia punje za mahindi, wameelewa." Chini yake mwandiko mwingine: "Hata kwangu." Aliyetoa kivuli alikata ukingo wa juu, jina la mwandishi halionekani. Mimi nilimjua, kwa sababu niliisoma makala hiyo ikiwa rasimu. Katika mfumo ana rejeleo moja, alilojirejelea mwenyewe. Nilimwomba msimamizi wa kituo aandike barua ya ukurasa mmoja kueleza makala hiyo inavyotumika, akaipiga muhuri. Sasa imo kwenye jalada la mwandishi, nyuma ya karatasi ya marejeleo.