Waya Kusoma Juu Wakati wa Joto Hakuufanyi Kuwa Feki

Malalamiko kuhusu nyaya za umeme feki yameongezeka, na mengi yanatufikia yakiwa na picha ya multimita, kifaa cha kupimia umeme, ikionyesha ukinzani mkubwa (ukinzani ni kiasi ambacho waya huzuia umeme kupita, hupimwa kwa omu), nayo imepigwa dukani, mchana, chini ya bati. Tunashukuru kwa ushirikiano, lakini picha hiyo si ushahidi.

Shaba ikipata joto, atomu zake hutikisika zaidi na kuzisumbua elektroni njiani. Ukinzani hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo IEC 60228, kiwango cha kimataifa cha nyaya za umeme, hutaja ukomo kwa nyuzi 20: waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba usizidi omu 7.41 kwa kilomita, yaani omu 0.741 kwa rola ya mita 100. Tuseme rola imesoma 0.770 kwenye nyuzi 33, joto la kawaida Dar es Salaam. Kuirudisha kwenye nyuzi 20, zidisha kwa 0.951 (nyuzi 13 za ziada huongeza ukinzani karibu asilimia 5), unapata 0.732, chini ya ukomo wa 0.741. Imefaulu.

Multimita ya mfukoni haiwezi kazi hii. Nyaya zake tu zinaweza kuwa na omu 0.2. Maabara hutumia nyaya nne, mbili za kupitisha mkondo na mbili za kusoma volti.

Wengine wanashikilia kwamba kila kitu kikipata moto hupitisha umeme kwa shida. Si kweli, na tumeshalisema hili mara nyingi. Nanotyubu moja ya kaboni (mrija mdogo mno usioonekana kwa macho) yenye tabia ya metali hufanya kama shaba, lakini zilizosokotwa kuwa uzi au kutandazwa kama karatasi mara nyingi huenda kinyume: elektroni hulazimika kuruka kutoka nanotyubu moja hadi nyingine, na joto huzisaidia kuruka.

Ukitaka kulalamika, lete rola nzima ikiwa na lebo, pamoja na risiti yenye jina la duka na tarehe. Usikate kipande cha sentimita kumi ukakifunga kwenye gazeti. Kipimo kinahitaji angalau mita moja. Sampuli huachwa chumbani hadi joto lake litulie, joto huandikwa, ndipo hupimwa.

Feki halisi, alumini iliyopakwa shaba, haifichwi na joto: alumini hukinza takribani mara 1.6 ya shaba. Kwarua ncha kwa wembe. Ukiona weupe ndani, funga rola uilete, wala usirudi kugombana na muuzaji.