Hakugeuza Meli: Tunachopaswa Kujua Kuhusu Wimbo wa Amazing Grace

Kila tunapotangaza jioni ya nyimbo na historia, lawama huwa ile ile: kwa nini nyie watu wa makumbusho mnachanganya wimbo wa kanisani na minyororo? Mwaka huu lawama zimezidi, hasa kutoka kwa viongozi wa kwaya, ndiyo maana nimeona niwajibu wote kwa pamoja. Hatukuchanganya sisi. John Newton, aliyeutunga Amazing Grace ambao wengi tunauita Neema ya Ajabu, alikuwa nahodha wa meli za watumwa.

Hadithi inayopendwa ni kwamba dhoruba ilimkuta baharini, akamlilia Mungu, akageuza meli na kuwaachia huru watumwa. Naomba tuiache. Hakugeuza meli. Dhoruba ile ilitokea Machi 1748, naye alikuwa abiria kwenye Greyhound, meli iliyobeba nta na pembe, si watu. Ni baada ya hapo ndipo akawa nahodha, akafanya safari tatu za watumwa kati ya 1750 na 1754. Jumapili alikuwa akiwasalisha mabaharia wake, na chini ya sakafu wamelala watu katika pingu. Kilichomtoa baharini ni maradhi.

Daftari lake la safari limehifadhiwa Greenwich, London. Mateka aliyefariki haandikwi jina. Anaandikwa mwanamume au mwanamke, na namba aliyopewa, kisha nahodha anaendelea na habari za upepo na matanga. Desemba 1752 alihisi mateka wanapanga kuasi, akaandika kwamba aliwabana wavulana vidole gumba kwa skrubu za chuma, kidogo, ili waseme yote. Nimelisoma neno hilo "kidogo" mara nyingi na bado sijalizoea.

Wimbo wenyewe aliutunga akiwa kasisi msaidizi katika mji mdogo wa Olney, Uingereza, kwa ajili ya ibada ya tarehe 1 Januari 1773. Somo lilikuwa 1 Mambo ya Nyakati 17, pale Daudi anapomuuliza Mungu yeye ni nani hata afikishwe hapo. Ulichapishwa 1779 pamoja na tungo za rafiki yake William Cowper, ambaye nyumba yake Olney sasa ni makumbusho yao wote wawili. Sauti tunayoiimba leo iliunganishwa na maneno hayo Marekani, mwaka 1835. Kijitabu cha Newton cha kuikana biashara ya watumwa kilitoka 1788. Pigeni hesabu wenyewe: miaka 40 tangu dhoruba, 15 tangu wimbo.

Kosa jingine ni kudai kwamba sheria ya Uingereza ya 1807 ilikomesha utumwa. Ilipiga marufuku biashara tu. Aliyekamatwa alitozwa faini ya pauni 100 kwa kila mtu aliyekutwa naye, na meli ikatwaliwa. Faini haikuwatisha wote, hivyo mwaka 1811 biashara hiyo ikafanywa jinai, na adhabu yake ilifika hadi miaka 14 ya kupelekwa uhamishoni ng'ambo. Mwaka 1824 ikahesabiwa kuwa uharamia, na adhabu ya uharamia ilikuwa kifo. Utumwa wenyewe katika makoloni ulisubiri sheria ya 1833. Newton alifariki Desemba 1807, miezi tisa baada ya sheria ya kwanza kupita.

Kwetu soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa Juni 1873, miaka mia moja baada ya ibada ile ya Olney. Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa Mkunazini, palipokuwa soko. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba habari hizi ni za Wazungu na hazituhusu.

Kwaya zinazotaka kushiriki zituandikie siku 14 kabla, zikitaja idadi ya waimbaji na jina la msimamizi mmoja. Kwenye chumba cha hati ni penseli tu, kalamu ya wino hapana. Picha zipigwe bila mwanga wa kamera. Mikono iwe mikavu, na mafuta ya kujipaka yasubiri. Atakayekaidi atatolewa, na kundi lake litasubiri nafasi nyingine.

Kwaya itaimba kwanza. Kisha tutazisoma zile namba kutoka kwenye daftari la nahodha, moja moja, kwa sauti. Tunaomba pasipigwe makofi katikati.