Kwa nini vikwazo na mabomu mara nyingi havizipigishi magoti serikali hasimu

Kila vikwazo vipya vinapotangazwa, dawati letu hupokea swali lilelile: mbona serikali ile bado ipo? Swali ni la haki, ingawa wengi wanaoliuliza hudhani kwamba vikwazo ni hukumu ya mahakama. Chini ya Ibara ya 41 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, hivyo ni hatua za kushurutisha, na anayeshurutishwa hutii pale tu anapoamini kwamba akitii ataachiwa.

Ahadi hiyo ya kuachiwa ndiyo ngumu. Azimio la vikwazo huhitaji kura 9 kati ya 15 za Baraza la Usalama, bila kura ya turufu ya mwanachama wa kudumu. Lisipowekewa ukomo, kulifuta huhitaji azimio jingine kwa masharti hayohayo, hivyo mwanachama mmoja wa kudumu aweza kuvidumisha vikwazo hata wenzake wote 14 wakitaka viondolewe.

Azimio 687 la mwaka 1991 lilifungamanisha kulegezwa kwa vikwazo dhidi ya Iraq na kuteketezwa kwa silaha zake za maangamizi, lakini mwaka 1998 Marekani ilipitisha sheria iliyofanya kuondolewa kwa rais wa Iraq, Saddam Hussein, kuwa sera yake. Angetii ili apate nini? Nao mgawo wa chakula uliosimamiwa na serikali yake ulizidi kuzifunga familia kwake, jambo ambalo wanaoshikilia kwamba njaa huzaa maasi hawapendi kulisikia.

Mabomu nayo hukwama. Marekani iliishambulia Vietnam Kaskazini kwa ndege kuanzia Machi 1965 hadi Novemba 1968, lakini nchi ile ya wakulima haikuwa na viwanda vingi vya kubomolewa, na silaha zake zilitoka Umoja wa Kisovieti na China.

Wahasimu pia hutazamana. Muammar Gaddafi aliacha mpango wake wa silaha za maangamizi mwaka 2003, akang'olewa mwaka 2011 kwa msaada wa ndege za NATO; Korea Kaskazini ilisema wazi kwamba imeliona hilo. Iran ilikubali mkataba wa nyuklia mwaka 2015, Marekani ikajitoa mwaka 2018, na kufikia 2021 Iran ilikuwa inarutubisha urani hadi asilimia 60, ilhali mkataba uliruhusu 3.67.

Tunasisitiza kwamba udhaifu huu haumpi mtu ruhusa ya kukiuka vikwazo. Kwa Ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, nchi wanachama hufungwa na maamuzi ya Baraza, na mkiukaji aweza kukabiliwa na faini au kifungo kwa mujibu wa sheria za nchi husika.