Ukame haubagui, wanasema

Kila balaa likitupata, kuna maneno ambayo lazima uyasikie: redioni, kwenye matatu, hata kwa watu waliosomea uchumi. Mengine yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayafi. Nimeamua kuyapima kwa janga moja tu, ukame uliokausha Kaskazini mwa Kenya kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023. Mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa, na kufikia mwisho wa 2022 watu wapatao milioni 4.4 katika kaunti kame walihitaji chakula cha msaada.

Dhana: Janga halichagui tajiri wala maskini

Jua linawaka juu ya kila mtu, hilo sawa. Lakini tuseme mfugaji ana ng'ombe 300, akapoteza 150. Huyo watu watamsimulia mwaka mzima. Jirani yake alikuwa na mbuzi 20, wakafa 14. Huyu hasimuliwi na mtu. Wa kwanza bado ana 150: atauza wawili watatu alipe karo, na mvua ikirudi kundi litazaana. Wa pili amebaki na sita. Mmoja atauzwa kwa ajili ya dawa, mwingine kwa ajili ya unga, na kabla msimu haujageuka utamkuta kando ya mji akichoma makaa.

Tena hata kufa kwenyewe hakulingani. Mwenye uwezo hukodi lori akahamisha kundi, hununua nyasi kavu, huagiza bauza la maji. Asiye na kitu hutembea na wanyama wake mpaka waanze kuanguka njiani.

Dhana: Si wote wamepoteza? Basi pengo limepungua

Hii ndiyo yenye chembe ya ukweli, na ndiyo inayowapotosha wasomi. Ukipima pengo la kipato ndani ya kaunti moja baada ya ukame, inawezekana kabisa ukakuta limepungua, kwa sababu waliokuwa na mifugo mingi ndio walikuwa na kingi cha kupoteza. Takwimu itaonekana nzuri. Ila usawa wa aina hiyo ni wa watu walioporomoka pamoja.

Sasa toka nje ya kaunti uangalie. Utafiti wa serikali wa 2015/16, kabla hata ya ukame ninaouzungumzia, ulikuta asilimia 79.4 ya watu wa Turkana wanaishi chini ya mstari wa umaskini, na Mandera asilimia 77.6. Nairobi ilikuwa asilimia 16.7. Watu wa Turkana wakishuka wote daraja moja, wao kwa wao watafanana zaidi, lakini umbali kati yao na mtu wa Nairobi utakuwa umeongezeka. Anayezungumzia pengo bila kusema ni pengo la nani na nani, mwulize kwanza.

Dhana: Wafugaji ni wakaidi, wangeuza mapema

Hapa nitakaa kidogo, maana hii husemwa kwa dharau.

Soko la mifugo wakati wa kiangazi kikali halifanani na soko la siku nyingine. Wauzaji wamejaa tangu alfajiri, wanunuzi wachache, mbuzi mbavu zinahesabika. Kwenye masoko ya Wasomali utamwona dalali na mnunuzi wameshikana mikono chini ya kitambaa, wanapatana bei kwa vidole ili wa pembeni wasijue. Mwenye mbuzi amesimama kando. Amekuja naye kilomita nyingi, na hawezi kurudi naye, maana akirudi naye atafia njiani. Mnunuzi analijua hilo. Anatoa bei anayotaka.

Pesa hizo zinapelekwa duka la jirani, ambako unga umepanda kwa sababu ukame huohuo umeharibu mavuno kwingine, na nauli ya lori nayo imo ndani ya bei. Mbuzi ameshuka, unga umepanda, na katikati ya bei hizo mbili ndipo familia inapofilisika, hata kama hakuna mnyama wake aliyekufa.

Yule mbuzi naye anapakiwa na wenzake hadi machinjio ya Kiamaiko, Nairobi. Kilo ya nyama kwenye bucha la mjini haishuki kwa kasi ile. Tofauti imebaki kwa madalali, wenye malori na wachinjaji. Hivi ndivyo kipato kinavyohama kutoka eneo moja kwenda jingine bila mtu kuiba. Mvua ikirudi mambo yanageuka: kila mtu anataka mbuzi jike wa kuanzia upya, na bei inaruka. Mfugaji aliuza kwa bei ya chini, sasa ananunua kwa bei ya juu.

Kwa hiyo angeuza mapema? Mapema ni lini? Ng'ombe wa maziwa ndiye chakula cha watoto, na msimu wa kwanza mvua ikikosa, hakuna anayejua kwamba minne mingine itafuata.

Dhana: Umaskini wa Kaskazini umeletwa na ukame

Ukame umekuwepo siku zote. Kilichoongezwa na binadamu kiliandikwa kwenye karatasi: Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua, yatakayorudisha faida haraka. Kaskazini haikuwamo. Lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Pasipo barabara, mnunuzi mmoja akifika sokoni ndiye mfalme. Katiba ya 2010 ilikiri kosa hilo kwa kuunda Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme. Pesa zimekuwa zikitoka kwa kusuasua.

Dhana: Hasara kubwa ni ile yenye mabilioni mengi

Daraja likibomoka mjini, hasara yake ni namba kubwa. Mbuzi 14 ni namba ndogo. Ila daraja lina bajeti na mkandarasi wa kulijenga upya; mbuzi wale hawana.

Dhana: Siku hizi kuna msaada na bima

Vipo, na si haba. Mpango wa Hunger Safety Net ulikuwa ukizipa kaya teule za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera shilingi 5,400 kila miezi miwili, na kwa aliyezipata zilimwepusha kuuza mbuzi wa mwisho. Bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit mwaka 2010 nayo ni ya busara: hakuna afisa anayekuja kuhesabu mizoga, satelaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango fulani, fidia hulipwa.

Lakini bima hiyo imebuniwa kwa ukame. Mwisho wa 2023 ikaja El Niño, mafuriko yakaingia Mandera, Wajir, Garissa na Tana River, kwa watu walewale waliokuwa wametoka tu kwenye ukame. Mbuzi waliokuwa wamesalia wakasombwa. Kutoka angani, malisho yalikuwa ya kijani kibichi.